Kidonda Kisichouma

Idi Pili, nyumbani kwa dada yangu Tanga, nilimkuta binti yake uani, nyuma ya majiko, ameinama peke yake. Mkononi alikuwa na kidonge cha rangi mbili. Alikifungua taratibu, akamimina unga wake kiganjani, akauvuta mdomo wa chini kwa vidole vya mkono wa pili, kisha akaubandika ule unga ndani. Machozi yalimtoka hapo hapo. Hakutoa sauti. Alisimama akikanyagakanyaga chini, udenda ukimchuruzika, mpaka ule moto ukatulia.

"Mama mdogo, naomba usimwambie mama."

Sebuleni watu walikuwa kwenye pilau. Yeye alikuwa ameaga kwamba anafunga sita.

Nilimwomba anionyeshe. Vilikuwa vitatu: viwili ndani ya mdomo wa chini, kimoja chini ya ulimi. Vya mviringo, vidogo kama punje ya dengu, katikati vina rangi ya njano iliyopauka, pembeni vimezungukwa na utepe mwekundu. Akaniambia vinakuja na kuondoka tangu yuko kidato cha tatu, ila mwaka huu havimpi nafasi. Hivi vikipona, vingine vimeshaanza.

Dawa ile alikuwa ameinunua upande wa pili wa mji. Alipanda bajaji, akayapita maduka yote ya dawa ya mtaani kwao, akaenda kushuka mahali ambapo hakuna anayemjua yeye wala anayemjua mama yake.

Safari ile ya bajaji imenikaa moyoni wiki zote hizi.

Barazani

Siku hiyo hiyo, baada ya alasiri, wazee walikuwa barazani na mjomba wetu, kaka yake marehemu mama, anatengeneza tambuu. Tumemwona akiitengeneza tangu tunapata akili: jani linafutwa kwa kitambaa, linapakwa chokaa, popoo inakatwa vipande vyembamba, tumbaku inatiwa kidogo, jani linakunjwa, linaingia shavuni. Akasema siku hizi anatafunia upande mmoja tu, maana kushoto ulimi una kidonda.

"Tangu lini, mjomba?"

"Toka Rajabu, mwanangu. Lakini hakiniumi hata kidogo."

Rajabu, Shaabani, Ramadhani, na sasa tumo Shawali. Wenzake wakaitikia alhamdulillahi, mazungumzo yakahamia kwenye boti za Pemba.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa moja na siku ni moja, vinywa viwili. Kidonda kinachouma kilimtia mtu hofu hadi akajificha uani. Kisichouma kikashukuriwa mbele za watu. Usiku ule nilijilaza nikijua kwamba hofu yetu tumeiweka mahali ambapo sipo, ila sikuwa na maneno ya kumweleza mtu yeyote kwa nini.

Vile vinavyouma

Vidonda vya binti yetu vina jina lake hospitalini: afta. Karibu mtu mmoja kati ya watano hupata afta wakati fulani maishani, na mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Vile vidogo, chini ya milimita 10, hupona vyenyewe ndani ya wiki moja mpaka mbili na haviachi kovu. Vipo vikubwa zaidi, vyenye kina, vinavyoweza kukaa wiki nyingi na kuacha alama, lakini hivyo ni vichache. Haviambukizi. Unaweza kunywa kikombe kimoja na mwenye afta na usivipate.

Mahali vinapokaa panasema mengi. Daktari wa kinywa na meno aliyetuhudumia baadaye alituelekeza hivi: afta hupenda nyama laini inayochezacheza, yaani ndani ya mdomo, ndani ya shavu, chini ya ulimi. Malengelenge ya hepesi yanapojirudia hupendelea sehemu iliyoshikana na mfupa, kama ufizi na kaakaa la juu, au huota nje kabisa kwenye ukingo wa mdomo. Hayo ya nje ndiyo tunayosema homa imetokea mdomoni, na mwenye nayo kila anayekutana naye humwambia ana malaria.

Wazee hawakulizua hilo. Kirusi cha hepesi aina ya kwanza kimelala ndani ya neva za uso za watu zaidi ya bilioni 3 duniani, na homa yoyote, iwe ya malaria au ya mafua, inaweza kukiamsha. Tatizo linaanza pale mtu anapomeza dozi ya malaria kwa kuutazama mdomo tu, bila kupima damu.

Kuhusu afta, kinachofahamika ni kwamba kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayoushambulia utando wa kinywa, na kwamba vipo vichochezi. Kujing'ata. Mswaki mgumu au jino lenye ncha. Mawazo mengi, mitihani, misiba. Kwa baadhi ya wanawake, siku za kukaribia hedhi. Dawa za meno zenye sodiamu lauri salfeti, ile kemikali inayotoa povu jingi. Na moja ambayo watu wachache huambiwa: kuacha sigara. Wapo wanaoacha kuvuta, kinywa kikajaa afta wiki za mwanzo, wakadhani mwili umekataa, wakairudia sigara. Laiti wangeambiwa mapema kwamba jambo hilo hupita.

Jina linalotangulia kipimo

"Mama mdogo, chuoni wanasema nimekanyaga miwaya."

Aliniambia hivyo kwa simu, siku kadhaa baada ya Idi. Kule dukani muuzaji alimtazama juu mpaka chini, akamwambia ni fangasi, akampa vidonge vya rangi mbili bila hata kumwomba afungue mdomo. Alichoambiwa ni fangasi, alichopewa ni dawa ya bakteria, na alichokuwa nacho si kimoja wala kingine.

Hofu hii ya UKIMWI najua ilikotoka. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1990 waliwauguza ndugu zao ambao hawakuweza kumeza hata uji kwa sababu ya utando mweupe uliojaa kinywani hadi kooni. Kumbukumbu ile ni ya kweli na haifai kubezwa. Ila walichokiona kilikuwa kitu kingine. Fangasi ya kinywa huwa ni utando mweupe ambao ukiufuta kwa kitambaa unatoka na kuacha wekundu. Ipo pia michirizi myeupe ya pembeni mwa ulimi isiyofutika, na mabaka ya zambarau kwenye kaakaa. Hizo ni dalili ambazo daktari akiziona huuliza habari za kinga. Afta nazo, kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, huwa kubwa, zenye kina, na hukaa muda mrefu. Vidonda vidogo vinavyopona ndani ya wiki mbili, kwa msichana aliyekuwa navyo tangu akiwa mwanafunzi, peke yake havithibitishi chochote.

Hapa nilisita sana. Nikimwambia aende kupima, je, sitakuwa nimejiunga na wanaomnong'ona? Nisipomwambia, je, nitakuwa nimemwachia hofu aishi nayo? Nilikaa na maswali hayo mpaka nilipompigia tena, na yeye akanitangulia. Alishapima, zaidi ya mara moja, kwa kile kipimo cha kujipima mwenyewe ambacho sheria iliruhusu mwaka 2019, cha kupitisha kijiti kwenye ufizi. Majibu yalikuwa hasi.

"Sasa mbona bado unajificha?"

"Watu wanaona kidonda, mama mdogo. Majibu hawayaoni."

Sikuwa na jibu. Nilichoweza kumwambia ni kwamba nitakuja, twende hospitali pamoja, mchana kweupe, na tutapita njia ya kwao.

Yaliyopita kinywani mwake

Tulipokaa kuandika kila alichowahi kupaka, karatasi ilijaa. Unga wa kidonge. Chumvi kavu. Ndimu. Ile dawa ya zambarau inayobaki kwenye meno na kwenye fulana. Aspirini iliyosagwa, kwa ushauri wa jirani.

Kidonge cha rangi mbili ndicho kinachonitia uchungu zaidi, kwa sababu kimeenea kila nyumba. Afta haitokani na bakteria, kwa hiyo antibiotiki haina cha kuua pale, na kila kidonge kinachopotezwa hivi kinawasaidia bakteria wengine mwilini kuzoea dawa. Zaidi ya hapo, baadhi ya dawa hizi zenyewe huunguza. Doksisaiklini ikikwama kwenye umio huacha kidonda, ndiyo maana mgonjwa huambiwa ainywe kwa maji mengi na asilale papo hapo. Aspirini nayo ni tindikali: ukiiweka juu ya nyama ya kinywa inaibabua, panakuwa peupe, na ngozi inachunika. Mtu anaona weupe ule, anadhani ugonjwa umeenea, anaongeza nyingine.

Kinachosaidia ni vitu vya kawaida mno. Nusu kijiko cha chai cha chumvi ndani ya glasi ya maji ya uvuguvugu, usukutue na kutema, mara kadhaa kwa siku. Kuacha pilipili, ndimu na chai ya moto kwa siku hizo. Mswaki laini. Dawa ya kusukutua yenye kloheksidini hupunguza uchafu juu ya kidonda, ila isitumiwe mara tu baada ya dawa ya meno, na ikitumika muda mrefu hutia meno rangi ya kahawia. Jeli yenye lidokaini hutia ganzi kwa muda ili mtu aweze kula. Asali ikipakwa humtuliza mkubwa, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali kabisa.

Ipo pia dawa ya kunata yenye steroidi, triamsinoloni, ambayo hupakwa juu ya kidonda kilichokaushwa kwa pamba, utando mwembamba tu, hasa wakati wa kulala. Hiyo ndiyo aliyoandikiwa. Hufanya kazi vizuri ikiwahi, pale mtu anapohisi mwasho kabla kidonda hakijafunguka. Lakini mtu asiinunue kwa kubahatisha, kwa sababu juu ya hepesi au fangasi steroidi huzidisha ugonjwa.

Damu

Daktari alipomaliza kutazama kinywa chake, maswali aliyouliza hayakuhusu kinywa. Hedhi yako inachukua siku ngapi? Unabadilisha mara ngapi? Unapata kizunguzungu ukisimama? Chai unakunywa saa ngapi?

Akamvuta kope ya chini ya jicho kwa kidole gumba. Ndani palikuwa pamepauka.

Binti yetu hakuwa amewahi kumwambia mtu kwamba siku zake zinamshinda. Alidhani ndivyo wanawake wote walivyo. Kipimo kikaonyesha hemoglobini gramu 8 na pointi kadhaa, na kwa mwanamke asiye mjamzito kiwango hakitakiwi kuwa chini ya 12. Hayuko peke yake: nchini kwetu zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Na upungufu wa madini chuma, wa foliki asidi au wa vitamini B12 ni miongoni mwa mambo yanayoifanya afta ijirudierudie.

Alitoka na fefo, yaani vidonge vya madini chuma na foliki asidi, dawa ya minyoo, na barua ya kwenda kwa daktari wa wanawake kuhusu hedhi. Aliambiwa fefo ainywe na chungwa, chai aisogeze mbali na chakula kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa, mchicha usichemshwe hadi ukapoteza rangi, na asishtuke choo kikiwa cheusi. Kwa wenye kisukari wanaosoma hapa, daktari aliongeza jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia: metformini ikitumika miaka mingi inaweza kushusha B12, kwa hiyo afta zisizoisha zinastahili kutajwa kliniki.

Mwezi huu amepata kidonda kimoja tu. Ni fefo? Afta huja na kuondoka kwa ratiba zake, na mwezi mmoja haunitoshi kusema. Ila rangi imemrudi usoni, na dawa ya kupaka ameiweka kwenye kabati la sebuleni, mahali ambapo kila mtu anaiona.

Wiki tatu

Tukiwa bado kwenye kile chumba, nilimuuliza daktari habari za mjomba. Mzee, kidonda pembeni mwa ulimi, hakiumi, tangu Rajabu.

Aliacha kuandika.

Akaniuliza, anakula tambuu?

Kidonda chochote cha kinywa kinachovuka wiki 3 bila kupona lazima kitazamwe na mtaalamu. Saratani ya kinywa mwanzoni mara nyingi haina maumivu. Maumivu huja baadaye, inapokuwa imezama ndani. Mahali inapopapenda ni pembeni mwa ulimi na sakafu ya kinywa. Kidonda chake huwa na ukingo mgumu ulioinuka, ukikigusa hakina ulaini wa nyama inayokizunguka, na hutoa damu kirahisi. Baka jeupe au jekundu lisilofutika nalo lihesabiwe. Jino linalolegea bila sababu, uvimbe mgumu shingoni, hivyo pia.

Yapo ambayo hayangoji hizo wiki tatu. Mtu aliyeanza dawa mpya, hasa zenye salfa, akatoka vidonda kinywani pamoja na macho mekundu na malengelenge mwilini, aache dawa na awahi hospitali siku hiyo hiyo. Na mtoto mdogo aliyedhoofu, labda ametoka kuugua surua, akianza kidonda kwenye ufizi chenye harufu mbaya na shavu likavimba: hiyo inaweza kuwa noma, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika Desemba 2023. Ikiwahiwa, antibiotiki na lishe huizuia. Ikicheleweshwa hula shavu, na wengi wa watoto wasiotibiwa hufariki.

Vidole vitatu

Kumpeleka mjomba hakukuwa rahisi. Hoja yake ilikuwa ile ile: kwa nini nikatafute daktari kwa kitu kisichoniuma? Na ni hoja nzito kwa mtu aliyelelewa kuamini kwamba mwili ukiwa na shida utasema.

Alikubali kwa heshima ya kumbukumbu ya mama. Sitasema zaidi ya hapo.

Daktari alimwambia asimamishe vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, avipitishe kati ya meno ya juu na ya chini. Mtu mzima mwenye kinywa kizima kwa kawaida vitatu vinapita. Kwa mjomba vilipita viwili. Akajaribu tena, akasukuma, taya ikagoma. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa muda mrefu amekuwa akimega embe vipande vidogovidogo, na sote tulidhani ni uzee. Popoo hukaza nyama ya ndani ya mashavu kidogo kidogo kwa miaka, mpaka ikawa kama utepe mgumu, na mkazo huo ukishaingia haurudi nyuma.

Lilikuwepo jino moja lenye ncha, sambamba kabisa na kidonda. Tulitumaini wote kwamba ni hilo. Daktari alilisawazisha, akamwambia asimamishe tambuu, arudi baada ya wiki mbili: kama ni jino, kidonda kitakuwa kimefunga. Nilizihesabu wiki hizo kwa dua.

Hakikufunga.

Wakamchoma ganzi, wakakata kinyama cha kupima. Majibu yaliporudi yalisema seli zimeanza kubadilika, lakini hazijawa saratani. Sehemu ile ya ulimi imeondolewa. Anatakiwa kutazamwa kila baada ya miezi mitatu, kwa miaka, kwa sababu kinywa kizima kimepita kwenye tambuu ile ile.

Popoo

Tumbaku ameacha. Kwenye popoo bado tunabishana.

Anasema popoo ni tunda, halina moshi, baba yake alilitafuna na akafa mzee. Namwambia Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilianza kwa kuitaja tambuu yenye tumbaku mwaka 1985, na mwaka 2004 likasema popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inasababisha saratani kwa binadamu. Ananisikiliza kwa adabu, kisha anarudi kwa baba yake. Naelewa. Kumwambia aiache ni kumwambia kitu kuhusu baba yake, kuhusu baraza, kuhusu sahani ya tambuu iliyopitishwa kwenye kila harusi aliyowahi kuhudhuria. Lakini siwezi kunyamaza, na nimewaambia ndugu zangu wasimnunulie tena, hata akiomba kwa upole.

Wale wenzake wa barazani wawili wamekubali kutazamwa. Mmoja wao vidole vitatu havikupita.

Juzi mjomba alinipigia kuuliza kama akila jani tupu na chokaa, bila popoo wala tumbaku, atakuwa salama. Nilimwambia chokaa nayo huunguza utando wa kinywa, na kinywa chake hakina nafasi ya kuunguzwa tena. Hakuridhika. Tumekubaliana kwamba siku ya kliniki swali hilo atamuuliza daktari mwenyewe, nami nitakuwepo.